Siku tatu na Bibi kwenye bahari ya watu

Bibi yangu alitua Schiphol mwishoni mwa Agosti 2023 akiwa na begi moja la nguo, ndoo ya plastiki iliyofungwa juu kwa kamba ya mwani, na masikio yaliyoziba. Nilimpa shikamoo, nikamkumbatia, halafu nikaanza ujuaji wangu. Nikamwambia kwamba hapo tuliposimama palikuwa ziwa mpaka mwaka 1852, wakalikausha kwa pampu za mvuke, na kwamba ndege yake imetua karibu mita nne chini ya usawa wa bahari. Bibi aliangalia sakafu, akaangalia mlango.

"Basi tutoke," akasema.

Tulikuwa na harusi ya binti wa shangazi yangu huko Esbjerg, Denmark, Jumamosi ya tarehe 2 Septemba. Mimi nilikuwa nikiishi Leiden, Uholanzi, mwaka wa tisa huo. Mpango wangu ulikuwa turuke, tufike, tumalize. Bibi akasema masikio kapewa mawili tu, na yote mawili kashayaweka rehani kutoka Unguja mpaka hapa. Hapandi ndege nyingine mpaka ile ya kurudi. Ndivyo tulivyojikuta ndani ya kigari changu, mimi na bikizee wa miaka 74, tukiandama ukingo wa Bahari ya Kaskazini kwa karibu kilomita 800: Uholanzi, Ujerumani, Denmark. Sehemu hizo nchi zote tatu zimelala kama mkeka. Hakuna mlima wa kuficha hata ng'ombe.

Kuna jambo sikumwambia. Usiku ule aliofika, ami yangu, mwanawe mkubwa, alinipigia simu. Kuna watu wa hoteli wanakitaka kiwanja cha Bibi cha Jambiani, kile cha ufukweni chenye minazi. Bei ni nzuri, lakini Bibi hataki kusikia. "Wewe ndiye anayekusikiliza," ami akasema. "Mtakaa garini siku tatu. Atakwenda wapi?"

Nikakubali. Na sikuona ubaya. Bahari ilikuwa imeshang'oa minazi minne pale tangu nilipokuwa skuli, na mwani ulionisomesha mimi haukuwa tena na faida ya maana. Nilijiambia nitatafuta wakati mzuri. Kwa hiyo kila panapotajwa hapa chini mandhari mazuri, msomaji ajue kwamba mimi nilikuwa nimekaa na maneno ya watu kooni.

Waliozoea kusafiri na wazee watanielewa nikisema safari ya namna hii haipimwi kwa kilomita, hupimwa kwa vyoo. Vyoo vya barabarani kule vina karatasi tu, basi chupa kubwa ya maji mlangoni mwa gari ni ya lazima, na sarafu za kulipia, na subira. Nilikumbuka chai ya mdalasini kwenye chupa ya chai. Nilisahau mto wa kuegemea kiunoni. Bibi alikunja kanga mbili, akazipachika mgongoni mwake, akaniambia, "Haya, mke mwenzangu, tia moto." Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, ingawa babu ambaye tungegombania alikufa nikiwa na miaka mitatu.

Muda mfupi baada ya kutoka Leiden, barabara ya A4 inazama kidogo na kupita chini ya mfereji. Juu yetu mashua ikawa inapita, taratibu, na mtu mmoja amekaa kwenye tezi na kikombe mkononi. Bibi aliinamisha kichwa kama apitaye mlango mfupi.

"Maji yale yako juu yetu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na nani anayazuia?"

Hapo nilikuwa na jibu, kwa sababu lilinigharimu. Uholanzi kuna bodi za maji, 21 kwa sasa, na kila nyumba inalipa kodi yake, hata mpangaji kama mimi. Mwaka wangu wa kwanza barua ilipokuja niliitupa, nikidhani ni matapeli. Ikaja ya pili na faini. Ndipo nikaambiwa kwamba kazi ya watu hao ni matuta, mifereji na pampu, na kwamba bodi ya upande wetu, Rijnland, inahesabu umri wake tangu mwaka 1255.

"Kabla ya Mreno kufika kwetu," Bibi akasema.

"Kabla sana."

"Na wewe unakwenda na jembe?"

"Hapana, nalipa tu."

Akanyamaza mpaka karibu na Amsterdam. Kisha akacheka peke yake. "Kumbe unalipa kodi ya kutozama."

*

Tulifika kwenye Afsluitdijk karibu saa nne asubuhi. Hili ni tuta la kilomita 32 lililopigwa katikati ya bahari, likafungwa tarehe 28 Mei 1932. Kabla yake palikuwa na ghuba ya maji ya chumvi iliyoingia mpaka karibu na Amsterdam, Zuiderzee. Baada yake ghuba ikageuka ziwa la maji baridi, IJsselmeer, na vipande vyake vikubwa vikakaushwa vikawa mashamba na miji. Barabara inakwenda moja kwa moja, haina kona. Kulia ziwa, kushoto tuta linaloficha bahari. Baada ya robo saa ya kuendesha unaanza kuhisi gari imesimama na dunia ndiyo inayovutwa.

Bibi alikuwa ameshanitabiria. Tangu asubuhi alikuwa akihesabu kwa vidole: mwezi ni wa kumi na tatu, kesho kumi na nne, hili ni bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tena kubwa. Kwa kubwa alikuwa sahihi. Ule ndio mwezi mpevu uliokuja karibu na dunia kuliko yote mwaka ule. "Saa nne maji yatakuwa yametoka yote," akasema. "Tutaona mpaka chini." Kwetu ndivyo. Siku za bamvua pwani ya mashariki ya Unguja maji hutoka karibu saa nne asubuhi, na wanawake wa mwani huteremka nayo.

Tulipanda juu ya tuta huko Kornwerderzand. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mawe.

Sijawahi kumwona Bibi akiaibishwa na maji. Alisimama pale, baibui linapigwa na upepo, koti langu la mvua juu yake, akiangalia kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya ndugu yake akakuta wapangaji wengine. Kisha akaniagiza nimletee maji ya pande zote mbili. Nikashuka na kikombe cha chupa ya chai upande wa bahari, nikarudi. Nikavuka barabara kwenye daraja, nikashuka upande wa ziwa. Akachovya kidole, akalamba. Huku chumvi, huku hakuna kitu. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini pale katika Sura ya Rahman panapotajwa bahari mbili na kizuizi baina yao. Alipomaliza hakusema subhanallah nilivyotarajia. Aliuliza: "Na wavuvi wa huku ndani walikula nini?"

Miaka tisa nimepita juu ya tuta lile nikiwapeleka wageni. Nimewaeleza urefu, mwaka, jina la mhandisi Cornelis Lely mwenye sanamu yake upande wa Den Oever. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali hilo, na mimi sikuwahi kujiuliza. Nililitafuta kwenye simu palepale. Wavuvi wa ghuba walipoteza samaki wa chumvi. Dagaa na heringi hawakuingia tena, wakabaki na mikunga. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwasaidia mwaka 1925, miaka saba kabla ya tuta kufungwa.

"Kabla?" Bibi akauliza tena, ili ahakikishe. "Walikaa wakawaza kabla?"

Sikujibu, kwa sababu nilijua mawazo yake yako wapi. Kilimo cha mwani kilianza kwenye pwani yetu mwaka 1989, na Bibi alikuwa katika wanawake wa mwanzo kuingia na vijiti na kamba. Mwani mnene, ule wenye bei, ukaanza kufa bahari ilipozidi joto: unageuka mweupe, unalainika, unakatika mkononi. Ukabaki ule mwembamba, ambao gunia zima halina thamani ya nusu. Hakuna aliyekaa akawaza kabla. Tulirudi garini. Ule ulikuwa wakati mbaya wa kutaja kiwanja.

*

Ukitaka kufika Moddergat unaiacha barabara kuu unaingia Friesland, vijiji vyenye makanisa yaliyojengwa juu ya vilima. Vilima hivyo ni vya mikono. Kabla ya kujua kupiga matuta, watu wa huko walirundika udongo na samadi kizazi baada ya kizazi, wakajenga juu yake, na maji yakija wanakaa kisiwani. Hegebeintum, kilicho kirefu kuliko vyote, hakifiki mita tisa juu ya usawa wa bahari. Baadaye, matuta yalipokuwepo, wakachimba ubavu wa vilima hivyo na kuuza udongo wake mzuri kuwa mbolea. Bibi alisema hilo nalo analijua. Watu wakishapata ukuta huuza paa.

Moddergat ni safu ya nyumba ndogo nyuma ya tuta, na jina lake lina tope ndani yake. Juu ya tuta kuna mnara wa kumbukumbu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1883, dhoruba ilivikuta baharini vyombo vya kijiji hiki na cha jirani, Paesens. Vilizama 17, wakafa watu 83. Nilipomtafsiria, Bibi hakushangazwa na idadi. Aliangalia nyuma, kwenye vijumba vile.

"Nyumba zenyewe ndizo hizi? Basi kila mlango."

Kaka yake babu alitoka na ngalawa wakati wa kusi, kabla baba yangu hajazaliwa, hakurudi. Bibi ndiye aliyekaa na mjane eda nzima. Huwa hasimulii, na pale pia hakusimulia. Alikaa tu kwenye nyasi, akashusha viganja usoni, akanyanyuka. Nilidhani anataka kurudi garini. Alikuwa anavua soksi.

Maji yalikuwa yametoka. Saa kumi na nusu jioni, na bahari nzima haipo: tope, mchanga, vijito vinavyong'aa, ndege kwa maelfu, mpaka upeo wa macho. Wataalamu wanauhesabu ukanda huu kuwa mkubwa kuliko wowote duniani wa mchanga na tope unaofunikwa na kufunuliwa na maji bila kukatika, kutoka Uholanzi mpaka Denmark. Waholanzi wanauita Waddenzee, na neno wad maana yake mahali pa kuvuka kwa miguu majini. Nilimweleza Bibi hilo nikijiona nimetoa jambo la ajabu. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, na sisi tunasema pwani kwa nini? Pwani ni panapopwa." Nimezaliwa nimesikia neno hilo, na nilikuwa sijalisikia.

Akakunja baibui mpaka chini ya magoti, akalifunga kiunoni kwa kanga, akashuka. Nikamfuata na viatu vyangu vya raba.

Ninachoeleza sasa sikishauri kwa mtu. Kwenda mbali kule kunahitaji mwongozaji anayezijua njia, maana maji yanaporudi hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, na unapoyaona mbele umeshazingirwa. Sisi hatukwenda mbali. Hatua mia labda. Bibi alikuwa akitembea kwa mzunguko, mara kulia mara kushoto, ameinama kama anayetafuta sindano. Tope lilikuwa limejaa vijilima vilivyojisokota kama tambi, kila kimoja na kishimo pembeni. Akachimba kwa vidole viwili, akatoa mnyoo mnene mweusi, akamwonyesha jua, akamrudisha. "Chambo kizuri," akasema. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Schiphol.

Mimi nilikata njia moja kwa moja kumfuata. Hatua ya kwanza ikazama kifundoni, ya pili gotini. Nikavuta, raba ikabaki chini. Nikavuta na mguu wa pili, ukazidi kwenda. Ni hisia mbaya sana, kuvutwa na kitu kisicho na haraka.

"Usivute!" Bibi hakupaza sauti, aliamuru. "Ukivuta linakunywa. Piga goti. Goti, nakwambia! Lala mbele kama unasujudu. Tikisa nyayo, kulia, kushoto, maji yapite. Sasa toa pole pole."

Nikatoka kwa magoti na viganja, nimepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, kwenye mchanga mgumu, nyayo zake hazijazama hata nusu kidole. Akanionyesha kwa kidevu. Penye mikunjo, pale mchanga ulipojikunja kama nywele zilizosukwa, pana ugumu. Penye kung'aa kama kioo, kimbia. "Umeishi kwao miaka tisa," akasema, "hukujua?"

Raba ile bado iko Moddergat.

*

Usiku Groningen Bibi hakulala mapema. Alikaa dirishani akiuangalia mwezi, akinihoji saa za maji nimwangalizie kwenye simu: Harlingen saa ngapi, Delfzijl saa ngapi, huko tuendako saa ngapi. Akajumlisha kwa vidole. Asubuhi, tukiwa kwenye uji, akatangaza hukumu yake. Alikosea jana kwa sababu kila bahari na saa yake na mwezi uleule. Lakini tena, huku maji hayajai pamoja pwani yote. Yanaanza tulikotoka, yanakwenda tunakokwenda. "Tunafuatana nayo," akasema. "Ukiendesha pole pole kama jana, yatatupita." Nimesoma baadaye kwamba ndivyo hasa: wimbi la kujaa husafiri kando ya pwani ile kuelekea mashariki, kisha hupinda kaskazini kwenda Denmark. Bibi hajui kusoma Kiholanzi. Alikuwa na namba nne na vidole kumi.

Mpaka wa Ujerumani tuliupita bila kujua. Bibi alikuwa ameshatoa pasipoti ameishika mapajani, imefunguliwa kwenye viza. Kilomita ishirini baadaye bado ameishika. Sehemu hiyo ya safari sina mengi ya kusema, ni barabara kuu na malori. Simu ya ami iliita mara mbili. Mara zote mbili nilisimama, nikatoka nje kuongea.

Mto Elbe tuliuvuka kwa pantoni, Wischhafen kwenda Glückstadt, karibu nusu saa. Bibi alikataa kubaki garini. Alishika chuma cha pembeni akitazama meli za makontena zikielekea Hamburg. Mji ule nao ulipata mafuriko ya bahari usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, wakafa watu zaidi ya 300, na wenyewe wako mbali na bahari. Kwake hilo ndilo lililokuwa gumu kulielewa: kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita nne siku za bamvua, zaidi ya pwani ile tuliyopita Uholanzi, na hakuna anayeamka usiku. Nikamwambia tatizo lao si kujaa, ni upepo. Dhoruba ya kaskazini-magharibi huisukuma bahari yote kwenye kona hii ya chini, haina pa kutokea, na nchi ni bapa. Akatikisa kichwa. "Sisi tuna mwamba," akasema, "wao wana mikono."

Husum tulifika jioni. Bandarini walikuwa wakiuza kamba wadogo wa kijivu waliochemshwa chomboni, unamenya mwenyewe. Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, mzee wa umri wa Bibi, alikuja na yeye na mfuko wake wa kamba, akakaa mezani kwetu kutufundisha namna ya kumenya. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe. Bibi alikuwa akimaliza watatu yeye akimaliza wawili, na mzee akawa anaongeza mwendo, amenuna kama mtoto. Mimi nilitafsiri, nusu Kijerumani nusu Kiholanzi nusu kubuni.

Alitueleza juu ya Rungholt, mji uliozama kwenye dhoruba ya mwaka 1362, ambao watu wengine walidhani ni hekaya. Mwaka huohuo tuliopita sisi watafiti walikuwa wametangaza kupata chini ya tope alama za kanisa lake. Alitueleza juu ya kisiwa cha Strand, kilichopasuliwa na bahari Oktoba 1634 vikabaki vipande, Nordstrand na Pellworm. Bibi alisikiliza kwa adabu akiendelea kumenya. Kilichomsimamisha mikono ni sheria ya beleshi.

Zamani, mzee akasema, kila mwenye shamba nyuma ya tuta alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutengeneza. Kipande kimoja kikiwa kibovu, wanazama wote, kwa hiyo hapakuwa na huruma. Walikuwa na msemo: asiyetaka kupiga tuta, na ahame. Mtu akishindwa, kwa umaskini au uzee au kukosa watoto, alikwenda akachomeka beleshi lake kwenye tuta, akaondoka, akaacha shamba na nyumba. Atakayelichomoa beleshi lile ndiye mwenye mali. Na tuta ni lake kuanzia siku hiyo.

"Muulize," Bibi akaniambia. "Akilichomoa mtu asiyeijua bahari?"

Mzee alifikiri. Akasema hapo ndipo majirani wanapaswa kuwa wepesi kuliko yeye.

Bibi akafuta vidole vyake kimoja kimoja. Hakumenya tena.

*

Siku ya tatu Wadenmark walitutazama kidogo mpakani, na pasipoti ya Bibi hatimaye ikapata mtu wa kuisoma. Tuliingia Ribe mchana. Ni mji mkongwe kuliko yote ya Denmark, nyumba za matofali zimeinama zenyewe kwa zenyewe, na kwenye bandari ya mto kuna nguzo ya mti yenye pete, kila pete na mwaka wake: maji yalifika hapa, na hapa, na hapa. Ya juu kabisa ni ya 1634, dhoruba ileile ya mzee wa Husum. Bibi alisimama chini yake akanyoosha mkono. Hakuikaribia.

Tukakaa kwenye benchi na mabaki ya mkate wa kumimina aliokuja nao kwenye ile ndoo. Nikaona huu ndio wakati. Nikameza mate.

"Ami yako alikwambia uniulize Uholanzi au Ujerumani?" Bibi akasema.

Nikabaki na mkate mdomoni.

"Kila akipiga unatoka nje ya gari. Mimi masikio yameziba, macho hayajaziba." Akamwaga chai. "Mimi beleshi langu nimelichomeka zamani. Mwaka wa pili huu siteremki pwani. Nyinyi mnaleta dawa ya mgongo. Mgongo hauniumi. Mwani hauoti."

Miaka miwili. Nampigia kila Ijumaa, na kila Ijumaa namuuliza mgongo.

"Kwa hiyo unakubali kuuza?"

"Nimesema nimechomeka. Sijasema nani achomoe." Akanigeukia. "Ile njia baina ya minazi. Wanawake wanapita pale kwenda pwani tangu kabla sijaolewa. Upande wa pili wametia ukuta, na sasa mtu anazunguka na gunia bichi kichwani mpaka shingo inakatika. Wanaokitaka waandike: njia haizibwi. Upana wa wanawake wawili wenye mizigo, mmoja anakwenda, mmoja anarudi. Wakiandika hivyo, natia dole gumba siku hiyohiyo."

Nilimpigia ami palepale, safari hii bila kusimama pembeni. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia pikipiki za Jambiani zikipita nyuma yake. Kisha akasema hao hawatakubali. Bibi akaniashiria nikate simu, upepo umezidi, na shangazi anatungoja.

Harusi ilikuwa nzuri. Bibi alicheza. Karatasi ya kiwanja imekwenda na kurudi mara tatu tangu siku ile, na mpaka naandika haya haijawekwa dole. Mara ya mwisho waliandika njia ya mtu mmoja. Bibi aliniambia kwa simu nimjibie ami: waje wenyewe na gunia la mwani mbichi, wapishane.